Dondoo muhimu: Kupanga fonti kwa mstari mmoja wa CSS

Sifa ya `font` hubeba mambo makuu ya mwonekano wa herufi kwa mstari mmoja, mradi uzingatie haya:

1. Fuata mfano huu: `font: italic bold 16px/1.5 "Times New Roman", serif;`
2. Usiache ukubwa wala jina la fonti. Kimoja kikikosekana, kivinjari hupuuza mstari mzima.
3. Tanguliza mlalo na unene wa herufi, kisha ukubwa. Jina la fonti lije mwisho.
4. Kimo cha mstari kiandike mara baada ya ukubwa, ukitenganisha kwa mkwaju: `16px/1.5`.
5. Weka mkato kati ya majina ya fonti pekee, si kwingineko.
6. Jina lenye maneno kadhaa lifungie ndani ya alama za kunukuu.
7. Malizia kwa `serif` au `sans-serif`, ili simu isiyo na fonti yako ipate mbadala unaofaa.
8. Usiandike sifa za `line-height` wala `font-weight` juu ya mstari wa `font`. Sifa ya `font` ikifuata huzifuta. Ziandike chini yake.
9. Usichanganye rangi humo; iandike peke yake kwa `color`.