Lango, Boga na Mwezi wa Aprili: Namna ya Kusoma Ishara katika Mashairi ya Kiingereza

Kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu na Rombo, hakuna anayehitaji kufafanuliwa isale. Yakipandwa kwa mstari, masale ni mpaka wa kihamba, yaani shamba la familia la Wachaga. Jani lake likipelekwa na mzee kwa mtu aliyekosewa, ni ombi la msamaha, na aliyekosewa anajua kwamba kulikataa ni jambo zito. Mmea ni uleule. Kinachobadili maana yake ni mahali ulipo, aliyeushika na yaliyotangulia kabla hajaushika.

Mwanafunzi aliyekulia katika mila hiyo anaingia kwenye darasa la fasihi ya Kiingereza akiwa tayari anajua kusoma ishara. Inaniuma kumwona akiuacha ujuzi huo mlangoni na kuanza kukariri: nyekundu ni damu, nyeupe ni usafi, usiku ni ujinga. Orodha za aina hiyo zinapita daftari hadi daftari, Moshi mjini na vijijini, na zinapotosha. Shairi moja linaweza kuufanya usiku kuwa hofu, na jingine likaufanya kuwa saa pekee ambayo mama mchovu anapata kupumzika. Maana inatoka ndani ya shairi lenyewe, na kuna namna ya kuitafuta.

Kwanza, jua kinachotokea. Lisome shairi kwa sauti, kisha urudie taratibu. Kabla ya kuwinda ishara yoyote, jieleze kwa Kiswahili cha kawaida: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na mwishoni nini kimebadilika. Anayesema ndani ya shairi tunamwita nafsineni, na mara nyingi siye mshairi. Mfano ulio wazi ni kitabu *Song of Lawino* cha Okot p'Bitek wa Uganda, kilichotoka Nairobi mwaka 1966. Nafsineni ni Lawino, mwanamke wa kijijini ambaye hakusoma, anayelalamika kwamba mumewe Ocol, aliyesoma, anamdharau. Okot mwenyewe alikuwa mwanamume aliyesoma hadi Oxford. Mwanafunzi akiandika kwamba mshairi analalamikia ndoa yake, ameshapotea tangu mwanzo.

Sasa ishara. Nina kanuni moja ninayoiamini kuliko nyingine zote: kabla kitu hakijawa ishara, lazima kwanza kiwe kitu. Chukua shairi la David Rubadiri kuhusu Stanley, mpelelezi wa Kizungu, na Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda. Rubadiri alikuwa Mmalawi aliyesoma Budo na Makerere, na ndiye aliyehariri *Growing Up with Poetry*, diwani ambayo shule zetu za sekondari zimeitumia kwa miaka mingi. Shairi linafuata msafara wa wapagazi waliochoka, wenye njaa na vidonda, hadi kwenye lango la Kabaka. Stanley alifika huko kweli, mwaka 1875. Lango lile ni la matete, watu wanalifungua na kulifunga. Lisome kwanza hivyo. Jiulize nani yuko ndani, nani yuko nje, nani ana uwezo wa kuruhusu au kukataa. Ukishajibu, utaona kwamba anayepita pale si mtu mmoja na mizigo yake tu. Nyuma yake kunakuja utawala mzima ambao mwenyeji hajaujua bado. Uzito wa shairi uko hapo: mlango ulifunguliwa kwa adabu za ukarimu, na msomaji anajua yaliyofuata ilhali Kabaka hayajui. Aliyekariri kwamba lango ni ishara ya ukoloni anapata neno moja tu. Aliyeliangalia lango lenyewe anapata shairi zima.

Boga la Lawino linadai uvumilivu zaidi. Lawino anamsihi mumewe asing'oe maboga yaliyoota kwenye hame, na kauli hiyo ni methali ya Waacholi. Anayelijua boga kama kitu cha sokoni atashangaa kuna nini hapo. Lakini fikiria familia imehama na nyumba imebomoka, ila maboga bado yanaota yenyewe kuzunguka mahali pale, na yeyote apitaye anaweza kuchuma akala. Kuyang'oa hakumpi mng'oaji faida yoyote, ni uharibifu mtupu. Tena angalia kwamba Lawino hamwambii Ocol arudi kuishi kwenye hame. Anamwambia asiharibu asichokihitaji. Majibu mengi husema hapa kwamba Lawino anapinga maendeleo, na boga lenyewe linayakanusha. Mwaka 1970 Okot alimpa Ocol naye nafasi ya kujibu katika *Song of Ocol*, na Ocol anayabeza maboga hayo waziwazi. Ukipata vitabu vyote viwili, visome kwa kufuatana, kwa sababu ishara inayoshikwa na watu wawili wanaogombana hukuonyesha pande zake zote.

Mashairi ya Uingereza na Marekani yanaleta ugumu mwingine, yaani hali ya hewa. T. S. Eliot alianza shairi lake *The Waste Land*, la mwaka 1922, kwa mwezi wa Aprili, na akaupa sura ya ukatili. Kwa msomaji wa Moshi, Aprili ni kilele cha masika: barabara za vijijini zinateleza na mahindi yanachipua kule tambarare. Kwa Mwingereza, Aprili ni mwezi ambao baridi inaondoka, maua yanachanua na washairi wa karne nyingi wameusifu. Eliot aliyageuza mazoea hayo makusudi, akiandika baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwamba kwa mtu aliyekufa ganzi rohoni kuamshwa kunauma. Usipojua Aprili ya kwao inafananaje, hutaona kwamba kuna kilichogeuzwa. Kwa hiyo ukikuta msimu, ndege au mti wa ugenini, uliza kwanza watu wa huko wanaishi nao vipi. Theluji ni hivyohivyo. Sisi tunaiona ikiwa juu, mbali, kwenye kilele cha Kilimanjaro cha mita 5,895, na ni fahari ya mkoa. Katika mashairi mengi ya ughaibuni theluji imefunika njia ya kurudi nyumbani.

Dhamira ndiyo inayowasumbua wengi, nami nadhani tatizo ni kuitaja kwa neno moja. "Ardhi" si dhamira, ni mada. Tuseme umepewa shairi ambalo kijana anarudi Kibosho baada ya miaka mingi mjini. Katika ubeti wa kwanza anakuta ukuta wa matofali palipokuwa na masale. Katika wa pili kaka yake anamwonyesha hati na vipimo. Katika wa tatu mama yao anapita kando ya ukuta akiwa ameshika jani moja la isale, na hamna hata mtoto mmoja anayelipokea. Kitu kilekile kimetokea mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili maana yake imesogea: kilikuwa mpaka, kimekuwa ombi la suluhu. Fuata msogeo huo. Dhamira basi itakuwa sentensi kamili: ndugu wanaweza kugawana ardhi kwa haki ya kisheria na bado wakapoteza njia ya kusameheana. Ipime sentensi yako kwa kurudi kwenye kila ubeti. Ikiwa ubeti mzima unabaki nje, irekebishe sentensi, usiutupe ubeti.

Wasomaji wawili wanaweza kutofautiana, na wote wakawa na hoja. Mwingine atasema kwamba shairi hilo linamhusu mama aliyenyimwa usemi katika mali ya familia. Sawa, mradi aonyeshe ni wapi. Katika mtihani pia, hoja isiyo na ushahidi wa shairi haina thamani: taja kitu, eleza kinafanya nini pale kilipo, ndipo useme kinabeba maana gani.

Kwa mazoezi, tafuta *Summons*, mkusanyiko wa mashairi ya Kiingereza ya Watanzania uliohaririwa na Richard Mabala na kutoka mwaka 1980. Mazingira yake tunayafahamu, kwa hiyo akili inabaki huru kushughulika na ishara. Kisha fanya jambo ambalo wanafunzi wachache hulijaribu. Mwendee bibi au babu asiyejua Kiingereza, msimulie shairi, hata mojawapo ya haya tuliyoyapitia, kwa Kichaga au Kiswahili, yaani kinachotokea tu, bila kumtajia maana yoyote. Atakuuliza kwa nini yule mama hakusema kitu, au kwa nini lango lilifunguliwa haraka hivyo. Yaandike maswali hayo pembeni mwa shairi kabla hujafungua kitabu chochote cha majibu.