Mkebe Ghali wa Chakula cha Mtoto

SWALI: Binti yetu wa miaka 5 anaanza shule, na dukani nimeonyeshwa mkebe wa chakula wa chuma cha pua, wenye kuta mbili, ambao bei yake yapata ile ya mikebe sita ya plastiki. Je, inafaa niununue?

JIBU: Dada yangu, kabla hujatoa fedha zako, tafakari kwanza ni chakula gani utakachomtilia mwanao, kwani ikiwa aghalabu ni maandazi au ndizi mbivu, mkebe wa plastiki wenye mfuniko imara utakidhi haja, na hiyo ziada ni israfu. Ama ikiwa ni wali, ambao huweza kuwa na vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, nao haufai kukaa katika joto la kawaida zaidi ya saa 2, hapo chombo kiwezacho kuuhifadhi katika joto la digrii 60 au zaidi hadi adhuhuri kina thamani ya hakika, maadamu umekijaza maji yachemkayo kwa dakika 5 kabla ya kupakua.

Nami nimemshuhudia mtoto wa jirani akirejea na wali wake kamili, njaa imemlegeza, kwa kuwa vidole vyake havikuweza kuuzungusha mfuniko. Basi nenda na binti yako dukani, aufungue mkebe mwenyewe mara tatu. Akishindwa, uache, hata ukipunguziwa nusu ya bei. Kisha utazame mpira wa mfuniko: usiong'oka ukaoshwa hufuga kuvu.