Msamiati wa Upigaji Picha: Kutoka Mkanda hadi Dijitali

Mtahiniwa, swali la uundaji wa maneno huonekana rahisi, na hapo ndipo wengi wanapoangukia. Wamekariri njia (utohozi, uambishaji, kuambatanisha maneno, upanuzi wa maana) na mfano mmoja wa kila njia. Wakikuta swali linasema "eleza", wao wanaorodhesha. Katika somo hili tutachukua uwanja mmoja tu, upigaji picha, tuone maneno yake yalivyozaliwa na yalivyobadilika. Uwanja huu unafaa kwa sababu teknolojia yake iligeuka ndani ya umri wa wazazi wako, na baadhi ya maneno yalibaki palepale wakati kazi yenyewe imekwisha kuwa nyingine.

Elewa kwanza kazi yenyewe

Huwezi kueleza maana iliyopanuka kama hujui maana ya awali. Kamera ya zamani ilitiwa mkanda, yaani utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa chumvi za fedha (madini, si pesa). Mkanda wa kawaida ulitoa picha 24 au 36, basi. Mpiga picha wa harusi alihesabu. Hakuweza kutazama alichopiga wala kukifuta, hivyo kama bwana harusi alifumba macho, ilijulikana baada ya siku kadhaa.

Mkanda ulipokwisha ulipelekwa studio. Huko uliingizwa katika dawa ndani ya giza totoro. Dawa ya kwanza iligeuza chumvi zilizopigwa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Dawa nyingine iliondoa chumvi ambazo hazikuguswa na mwanga, kisha mkanda ukaoshwa kwa maji na kuanikwa. Kilichopatikana ni negativu: shati jeupe linaonekana jeusi, nywele nyeusi zinaonekana nyeupe. Ndipo negativu ikamulikwa juu ya karatasi maalumu, nayo karatasi ikapitishwa katika dawa, rangi zikarudi mahali pake. Kwa picha nyeusi na nyeupe, hatua hii ya karatasi iliweza kufanyika chini ya taa nyekundu. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilifanya kazi ya namna hii kwa miongo mingi.

Kamera ya dijitali haina mkanda wala dawa. Mwanga unaangukia kitambuzi cha kielektroniki, nacho kinaugeuza kuwa tarakimu zinazohifadhiwa kwenye kadi. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak nchini Marekani aliunda kamera ya namna hiyo. Ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja, tena kwenye kaseti, na picha yenyewe ilikuwa na pikseli 10,000 tu. Kodak iliishi kwa kuuza mikanda. Mwaka 2012 kampuni hiyo iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake. Ukitaka mfano wa teknolojia inayomla mzazi wake, ndio huo.

Sasa turudi kwenye lugha.

Maneno yaliyotoholewa

Picha limetoholewa kutoka neno la Kiingereza picture, kamera kutoka camera, dijitali kutoka digital. Usiishie hapo. Onyesha kilichobadilika ili neno likubaliane na Kiswahili: dijitali limeongezewa irabu mwishoni, kwa kuwa silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu. Kisha onyesha kwamba neno likishapokelewa hufuata sarufi yetu: tunasema "picha hii imefifia", "picha hizi zimefifia", katika ngeli ya I-/ZI-. Tunasema pia "mfumo wa kidijitali", ambapo kiambishi ki- kimetangulizwa kama katika "kisasa".

Camera lenyewe kwa Kilatini lilimaanisha chumba. Kwa hiyo tuliposema "chumba cha giza" kwa mahali pa kusafishia picha, tulikuwa tukikaribia asili ya kamera bila kujua. Hili halitahiniwi, limewekwa ili ulikumbuke.

Jihadhari na pikseli. Wasemaji wa Kiingereza waliliunda pixel kwa kuchanganya vipande vya maneno mawili, kwa hiyo kwao ni uhulutishaji. Kwetu sisi ni utohozi, kwa sababu tulilipokea likiwa limekwisha kuundwa. Uhulutishaji wa Kiswahili ni kama chajio, kutokana na chakula cha jioni.

Maneno yaliyopanuliwa maana

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo watahiniwa wanapopita mbio.

Mkanda ni kitu cha kufungia kiunoni. Utepe wa picha ulifanana nao kwa umbo, ukapewa jina hilo. Kaseti nazo zikaitwa mikanda. Leo mtu husema "mkanda wa video" kwa video iliyo ndani ya simu, mahali ambapo hakuna utepe wowote.

Kuungua nalo lilipata kazi mpya. Mtu alipofungua mgongo wa kamera mchana kabla ya kuuzungusha mkanda wote, mwanga uliingia na picha zote zikaharibika. Watu walisema "mkanda umeungua". Hapakuwa na moto. Matumizi haya yanatoweka pamoja na mikanda yenyewe, na kijana wa umri wako huenda hajawahi kuyasikia. Waulize wakubwa nyumbani, watakusimulia sherehe nzima iliyoungua.

Mfano ulio bora kuliko yote ni kusafisha picha. Tazama tofauti ya majibu mawili.

Jibu dhaifu: "Kusafisha ni upanuzi wa maana kwa sababu lina maana nyingi."

Jibu lenye uzito: "Kitenzi safisha kimetokana na kivumishi safi, na maana yake ya msingi ni kuondoa uchafu. Wapiga picha walikitumia kwa kazi ya kupitisha mkanda na karatasi katika dawa na kuviosha kwa maji mpaka picha ionekane. Uhusiano na kuosha ulikuwa wazi. Baada ya kamera za dijitali kuingia, neno halikuachwa. Mteja anayeleta picha kwenye simu husema, 'Naomba unisafishie picha hizi', akimaanisha zichapishwe kwenye karatasi. Kuosha kumekwisha, neno limebaki."

Jibu la pili lina asili ya neno, maana ya msingi, sababu ya maana mpya, na sentensi ya ushahidi. Halitaji neno "teknolojia" hata mara moja, lakini msahihishaji anaona kwamba mwandishi ameelewa.

Maneno yaliyoundwa kwa kuambatanisha na kwa viambishi

Haya ni mepesi. Mpiga picha ni kiambishi m-, mzizi -pig-, kiishio -a, pamoja na nomino picha. Kutoka hapo tunapata upigaji picha. Kujipiga picha kuna kiambishi rejeshi -ji-, kinachoonyesha kwamba mtenda ndiye mtendwa. Kumbuka kuwa piga hapa halina maana ya kuchapa; ni kama katika piga simu na piga pasi. Usije ukaandika kwamba picha "inachapwa kofi", kichekesho ambacho hakileti alama.

Maswali ya kujipima

1. Kufuta ubao na kufuta picha kwenye kamera ni vitendo viwili. Eleza uhusiano wa maana uliopo kati yake, na useme kwa nini mpiga picha wa mkanda hakuhitaji matumizi ya pili.

2. Neno kadi limetumika kwa kadi ya harusi na kwa kadi ya kamera. Je, ni utohozi, upanuzi wa maana au yote mawili? Tetea jibu lako kwa sentensi mbili.

3. Bainisha mofimu katika maneno haya na utaje kazi ya kila moja: waliojipiga, anayepigwa.

4. Mzungumze mpiga picha mmoja wa mtaani kwako. Andika maneno matano anayoyatumia kazini, kisha eleza njia iliyotumika kuunda kila neno.