Kaa Upande wa Aliyeshindwa

Anayetaka kujifunza ufunguzi wa sataranji kutoka kwenye kumbukumbu ya mchezo mmoja, namshauri akae kwenye kiti cha aliyeshindwa. Mengine, kama kupanga kete ubaoni na kuificha hatua inayofuata kwa karatasi, yanajulikana, nayapita. Ushahidi wangu ni mchezo wa 6 wa pambano la ubingwa wa dunia, Reykjavik, 1972, kati ya Fischer na Spassky. Fischer, mpenzi wa e4, alianza kwa c4, wakaingia Queen's Gambit iliyokataliwa, tawi la Tartakower. Hatua ya 14 askofu wake akatua b5. Spassky akajaribu kumfukuza papo hapo kwa a6. Hatua ya 20 Spassky akasukuma askari d4, hatua iliyolaumiwa na wachambuzi wengi, kwani askari harudi nyuma. Nyeupe ikajibu f4 kisha e5, ngome zikapata njia ya kumfikia mfalme, na hatua ya 41 Spassky akasalimu amri, akampigia mpinzani wake makofi. Ukiusoma mchezo huo ukiwa Fischer, utahitimisha kwamba tawi lenyewe ni bovu. Ukiwa Spassky, unalazimika kurudi nyuma kutafuta njia iliyoachwa, na utaikuta palepale hatua ya 14: malkia aende b7. Geller, msaidizi wa Spassky mwenyewe, aliicheza dhidi ya Timman mwaka 1973. Timman akala askari wa c5, mfalme wake akakwama katikati, Geller akashinda. Tawi lilikuwa zima.

Utaniambia kompyuta huonyesha hayo kwa sekunde moja. Kweli, nawe iwashe, ila mwisho. Kompyuta inatoa namba. Haikwambii kwa nini a6 inashawishi, na kishawishi hicho ndicho kitakachokupata saa ikikimbia. Wengine watasema mipango hufunzwa na mshindi. Sikatai, lakini mipango ya mshindi hutegemea zawadi alizopewa, na mpinzani wako wa Jumamosi huenda asikupe hata moja. Ndiyo maana sivithamini vitabu vinavyouzwa kwa ahadi ya ushindi, vyenye michezo iliyoshindwa na upande mmoja tu. Jalada linang'aa, ndani hakuna aliyejitetea. Afadhali mtafute mwenzako, mpe nyeupe, muanze askofu akiwa b5, nawe peleka malkia b7.