Moyo Kwenda Mbio Kabla ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Mgonjwa Asifiche

Mama wa miaka 43 anayeuza matunda mjini Voi amepewa tarehe ya upasuaji wa kupunguza uzito jijini Nairobi. Ana kilo 118 na urefu wa mita 1.62. Wiki mbili kabla ya safari anaanza kushtuka usiku, moyo ukidunda kama wa mtu anayepanda mlima, jasho likimtoka. Hamwambii yeyote. Nauli ya treni imelipwa, dada yake amekubali kukaa na watoto, na anahofia kwamba daktari akisikia habari ya moyo ataahirisha kila kitu.

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini hofu ya kuahirishiwa upasuaji ni ya kweli, na ndiyo huwafanya watu wanyamaze.

Uzito wake kwanza. Kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo: 1.62 mara 1.62 ni 2.62, na 118 ukigawanya kwa 2.62 unapata 45. Kiwango cha kawaida ni 18.5 hadi 24.9. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 unapendekeza upasuaji huu kuanzia 35, hata kama mtu hana ugonjwa mwingine. Kwa hivyo mama huyu anastahili, wala hatafuti urembo kama majirani wanavyosema.

Moyo kwenda mbio mara nyingi husababishwa na wasiwasi wenyewe. Mtu akiogopa, mwili hutoa kemikali zinazouharakisha moyo, naye akiusikia moyo unaenda mbio huogopa zaidi. Chai ya rangi nzito, kahawa, sigara, miraa na muguka huongeza mwendo huo. Joto la Voi nalo, kwa mtu asiyekunywa maji ya kutosha, linatosha kuudundisha moyo.

Lakini si kila mdundo ni hofu. Upungufu wa damu huweza kuuleta, na pia tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au pumpu ya pumu. Mtu mnene anayekoroma kwa nguvu huweza kukatika pumzi usingizini mara nyingi kwa usiku mmoja. Kila mara hushtuka, moyo ukikimbia. Yeye hudhani ni mawazo ya upasuaji, kumbe ni hewa iliyokosekana. Mtaalamu wa nusukaputi anahitaji sana kulijua hili, kwa sababu dawa ya usingizi na za maumivu huweza kuifanya pumzi ya mtu kama huyo iwe dhaifu zaidi baada ya upasuaji. Mwenza anayelala chumba kimoja naye ndiye shahidi mzuri, aulizwe.

Sababu nyingine hujitokeza wakati huu hasa. Kabla ya upasuaji wagonjwa wengi hupewa lishe ya kupunguza chakula ili ini lipungue ukubwa. Mwenye kisukari akiendelea na insulini ya kiwango kile kile huku anakula kidogo, sukari huweza kushuka: moyo kudunda, kutetemeka, jasho. Hapo sukari ipimwe mara moja, na dozi irekebishwe na daktari. Dawa za presha zinazoongeza mkojo huweza kupunguza madini ya potasiamu, nayo yakipungua moyo hupoteza mpangilio wake.

Moyo ukianza kudunda, mgonjwa aketi, aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, ahesabu mapigo kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na 60 hadi 100. Aandike idadi, saa, alikuwa akifanya nini, na kama mapigo yalifuatana sawa au yalirukaruka. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliopewa mikoba yenye mashine za presha na sukari kuanzia mwaka 2023, wanaweza kumpimia nyumbani. Daftari hilo alipeleke kwa daktari, katika kituo kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi, kabla ya kupanda treni. Daktari huweza kuagiza kipimo cha umeme wa moyo, damu na tezi. Tatizo likigunduliwa mapema lina nafasi ya kutibiwa. Likigunduliwa asubuhi ya upasuaji, ndipo safari ya zaidi ya kilomita 300 hupotea bure.

Akizimia, akipata maumivu ya kifua, au akikosa pumzi pamoja na mdundo huo, asingoje kuandika. Apelekwe hospitali papo hapo.

Hofu nayo itajwe waziwazi. Katika upasuaji wa aina inayofanywa zaidi, takribani robo tatu ya tumbo la chakula huondolewa na halirudishwi. Kuogopa jambo kama hilo si udhaifu. Katika hospitali zenye uzoefu, vifo ni takribani mtu mmoja kati ya 1,000. Mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi, na nani atamfuatilia akirudi Taita Taveta. Anaweza pia kuomba tarehe isogezwe.

Dawa za presha au moyo asiache kwa uamuzi wake. Aulize ipi anywe asubuhi ya upasuaji. Dawa za mitishamba azitaje pia, zote, hata zile alizopewa na shangazi.