Harusi Moja, Kamera Moja

Swali: Nikirekodi video harusini kisha nikapiga picha kwa kamera hiyohiyo, mbona wanaocheza hutoka na ukungu?

Jibu: Ni spidi ya shata, ndugu yangu. Video ya fremu 25 kwa sekunde hupendeza kwa 1/50, tena hupatana na umeme wetu wa hezi 50, taa zisimemeteke. Lakini kwenye picha, mchezaji wa ngoma anataka 1/250 au zaidi. Kama gurudumu la modi la kamera yako lina nafasi za C1 na C2, hifadhi mipangilio ya picha huku, ya video kule. Kidole husahau, gurudumu halisahau. Juani, 1/50 huingiza mwanga mwingi mno, basi funga kichujio cha ND cha kuupunguza unaporekodi. Kwenye kuvishana pete usihangaike: watu wametulia, rekodi 4K kisha toa fremu. Megapikseli 8 zatosha ukurasa wa albamu. Na beba betri ya pili, maana video hula betri.