Somo kwa Wanachama: Nguvu Inayogandisha Maziwa



Maziwa ya mgando ni chakula cha nyumbani na pia ni bidhaa, kuanzia vijiji vya Shinyanga hadi kwenye makambi ya wachimbaji dhahabu huko Geita. Kazi ya kugandisha hufanywa na bakteria, viumbe hai wadogo mno wasioonekana kwa macho. Somo hili laeleza jinsi wanavyojilisha, kwani ajuaye chakula chao atajua kuwatumia na kutambua mipaka ya kazi yao.

1. Mahitaji yao

Ili wakue na kuzaana, bakteria huhitaji asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini zote. Bakteria wengi wa mgando hawawezi kujitengenezea asidi amino zote, na zilizo huru ndani ya maziwa ni chache. Kwa hiyo huikata kaseini, protini kuu ya maziwa, ingali nje ya miili yao, kisha huingiza vipande vyake ndani.

2. Gharama ya kuingiza

Utando unaoizunguka seli haupitishi vipande hivyo ovyo, na mara nyingi akiba ya ndani huwa kubwa kuliko ya nje. Kuongeza penye wingi ni kazi, kama kupandisha maji mlimani. Nishati ya kazi hiyo hutoka katika sukari ya maziwa. Bakteria huigeuza kuwa asidi laktiki, na kwa kila molekuli 1 ya glukosi hupata molekuli 2 tu za ATP, ambazo ndizo hubeba nishati ya matumizi ya seli.

Baadhi ya milango ya utando hutumia ATP moja kwa moja. Mingine hutegemea pampu: ATP huiendesha pampu itoe nje chembe za haidrojeni. Zikisharundikana huko, husukumwa kurudi, na zipitapo katika mlango maalumu huingia pamoja na asidi amino, kwa mfano lusini. Ndivyo lori lililopeleka pamba kiwandani linavyorudi kijijini na mbegu. Mwingereza Peter Mitchell alieleza nguvu ya chembe hizo mwaka 1961, akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1978.

3. Mwisho wa kazi

Asidi inapozidi, kaseini hushikamana na maziwa huganda. Lakini asidi hiyohiyo huwaelemea bakteria: chembe za haidrojeni huzidi kupenya ndani, na nishati huishia katika kuzitoa. Ukuaji hupungua, hatimaye husimama.

4. Yatupasayo

Tusidhani kwamba uchachu husafisha maziwa. Vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe vyaweza kubaki hai katika mgando kwa siku kadhaa. Basi:

(a) Tuchemshe maziwa kwanza.
(b) Tuyaache yapoe hadi yawe vuguvugu, kwani moto huua pia bakteria wa chachu.
(c) Tutie chachu safi katika chombo safi.
(d) Tusitumie maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa kwa dawa za kuua bakteria hadi muda uliowekwa upite. Dawa hizo huweza kuzuia mgando na kumdhuru mnywaji.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini bakteria huhitaji sukari ili wapate asidi amino?
2. Kwa nini chachu haifai kutiwa katika maziwa ya moto?
3. Chama chetu kifanye nini ili maziwa yanayouzwa yawe yamechemshwa?